Neno la Qasim: uchambuzi wa kisa cha bibi harusi wa Kohistan

Zimebaki siku chache afungiwe ndoa. Msichana anaumega mkate mgumu wa mahindi, anautafuna, unamkwama kooni, na hapo ndipo anapotambua ni wapi alipoletwa. Amelelewa Lahore, kwenye vichochoro vilivyojaa watu. Hapa ni mawe juu na mawe chini, na mto unaonguruma bondeni. Anamgeukia baba yake na kumlilia amrudishe. Afadhali aozwe kwa yule askari kijana waliyekutana naye njiani, anasema, afadhali awe mtumishi wa baba yake maisha yote, ila asiachwe huku. Baba anajibu kwamba ameshatoa neno. Na binti akimfanya alivunje neno hilo, atamzika papo hapo.

Msichana anaitwa Zaitoon, baba anaitwa Qasim, na riwaya ni The Bride ya Bapsi Sidhwa, iliyochapishwa mwaka 1983. Nimechagua kisa hiki kwa sababu moja. Wengi wetu tukisoma habari za wanawake wa milima ya mpakani mwa Pakistan na Afghanistan hutafuta mtu mbaya: mume mwenye bunduki, mzee mwenye ndevu, mullah mwenye hasira. Katika kisa hiki hatari haikuletwa na mtu wa namna hiyo. Imeletwa na mwanamume anayempenda Zaitoon kuliko kiumbe chochote duniani. Tusipolielewa hilo hatutaelewa lolote kuhusu mfumo wenyewe.

Kisa hakikutungwa hewani. Miaka ya 1960, jeshi la Pakistan lilipokuwa likipasua milima kwa baruti kutengeneza barabara ya Karakoram, Sidhwa na mumewe walialikwa kukaa kwenye kambi moja ya kijeshi huko. Watu wa kambini wakamsimulia habari iliyokuwa bado mbichi. Mzee mmoja wa milimani alivuka mto Indus akiwa na binti kutoka Punjab, akamwoza kwa mpwa wake. Mwezi mmoja baadaye binti akatoroka. Akajificha majabalini siku 14, akanywa alichokipata, akala alichokipata, mpaka akakaribia daraja la kamba ambalo ng'ambo yake kulikuwa na kambi na uhai. Mume akamkuta hapo hapo karibu na daraja. Akamkata kichwa, na mwili ukatupwa mtoni.

Sidhwa alikuwa mama mwenye watoto wadogo, Mparsi wa Lahore, yaani wa jamii ndogo ya wafuasi wa Zoroasta, bado hajawa mwandishi wa kujulikana. Aliporudi nyumbani habari ile haikumtoka moyoni. Alidhani ni hadithi fupi, ikawa riwaya.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kuhusu watu wenyewe, kwa sababu huchanganywa sana. Mjini Lahore, jirani anamwita Qasim Pathan, yaani Mpashtuni, kwa kuwa watu wa tambarare humwita hivyo karibu kila mtu wa milimani mwenye kilemba na bunduki. Kohistan, nchi ya milima kaskazini mwa Pakistan anakotoka Qasim, ni jirani wa Wapashtuni, lakini wenyeji wake wana lugha zao, Kikohistani cha bonde la Indus na Kishina. Kipashto hukitumia sokoni na kwa majirani. Hata hivyo kanuni ya heshima wanayoifuata ni ndugu wa ile ya Wapashtuni, na maneno ya Kipashto yanaeleza vizuri mno kinachotokea ndani ya riwaya hii. Nang ni heshima ya mwanamume, ile ambayo bila yake hana haki ya kukaa barazani na wenzake. Badal ni kisasi. Walwar ni mali anayopokea baba wa binti. Swara ni binti anayetolewa kumaliza uhasama wa damu. Tor, neno linalomaanisha mweusi, ni tuhuma ya zinaa, na anayepakwa weusi huo husafishwa kwa kuuawa. Na kuna peghor, simango. Hilo la mwisho naliweka pembeni kwanza, tutarudi kwake.

Riwaya inaanza kizazi kimoja nyuma. Qasim ana miaka 10 tu. Mtu mmoja, Resham Khan, amekopa kwa baba yake Qasim na ameshindwa kulipa. Milimani deni la namna hiyo haliendi mahakamani, huenda kwenye bunduki. Wazee wanakaa, suluhu inapatikana: Resham Khan atoe binti yake. Baba yake Qasim anafikiri kwanza kumchukua yeye mwenyewe, kisha anaona afadhali ampe mwanawe. Basi Afshan, msichana wa miaka 15, anaingizwa chumbani usiku wa harusi, anafunuliwa uso, na anakuta mbele yake mtoto. Anamuuliza kama kweli yeye ndiye mume. Mtoto anaitikia kwa kichwa. Afshan hajui acheke au alie.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi, kwa sababu Sidhwa hakuliandika kwa ghadhabu. Kuna hata upole ndani yake. Afshan anamlea mume wake kama mdogo wake, akikua wanakuwa mke na mume wa kweli, wanazaa. Kisha ndui inapita, inamchukua Afshan na watoto. Qasim analia kilio cha kweli. Ndoa iliyoanza kama risiti ya deni ilimpa mapenzi. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje baadaye kwamba kumtoa binti kwa neno la wanaume ni dhuluma? Ushahidi wa maisha yake mwenyewe unampinga. Hapo ndipo mfumo unapopata nguvu: wako watu wema waliotendewa wema ndani yake.

Tuseme pia kwamba hili la deni si dini. Sisi tuliosoma madrasa tunajua mahari ni haki ya mke, inaingia mkononi mwake, na binti huulizwa idhini yake. Walwar inaingia mkononi mwa baba. Swara haina hata mali, ni binti mwenyewe ndiye mali. Kijijini wazee watasema ni Uislamu na ni desturi, vyote viwili kwa pumzi moja, lakini vikigongana, desturi ndiyo inayoshinda. Pakistan iliharamisha kutoa mabinti kumaliza uhasama, ikaongeza ukali wa sheria hiyo mwaka 2011. Jirga, mabaraza ya wazee yanayoamua mambo haya, bado zinakaa.

Msiba ukamsukuma Qasim kuteremka tambarare, akawa mlinzi wa benki mjini Jullundur. Mwaka 1947 India ikagawanywa. Qasim anamuua karani aliyemtukana, anakimbia kwa treni ya wakimbizi kuelekea Lahore, na treni inashambuliwa gizani. Katika mauaji yale mtoto wa kike, ambaye wazazi wake wamechinjwa, anamkumbatia miguuni na kumwita baba. Anajaribu kumbandua, hawezi. Anambeba. Anampa jina la binti yake aliyekufa kwa ndui: Zaitoon.

Kwa hiyo mwanamume huyu alimchukua mtoto asiye wa damu yake, asiye wa kabila lake, wa kike, wakati kila mtu alikuwa akiokoa roho yake. Akamlea. Mjini Lahore akapata rafiki, Nikka, mcheza mieleka, ambaye mkewe Miriam hakujaliwa mtoto. Miriam akawa mama wa Zaitoon katika kila jambo isipokuwa kuzaa. Mtoto akasoma shule miaka mitano, mpaka alipovunja ungo akawekwa ndani kama mabinti wengine wa mtaa ule. Hilo nalo tuliangalie: mji haukuwa uhuru. Miriam ndiye aliyesema masomo yamefika mwisho wake. Ila ndani ya ukuta wa Miriam kulikuwa na vicheko, majirani na chakula, na hakuna aliyemtishia Zaitoon kifo.

Sasa tunafika kwenye kiini cha kisa. Binamu yake Qasim, Misri Khan, anataka binti kwa ajili ya mwanawe Sakhi, na Qasim anakubali. Miriam anapinga kwa nguvu zote za mama. Anamwambia Qasim kwamba binti huyu ni wa hapa, mwili wake na tabia zake si za kule, hatawaweza watu wale na wao hawatamweza. Anamuuliza kama anamuuza kwa zile rupia 500 alizoahidiwa. Yeye na Nikka wako tayari kutoa fedha hizo, wamwoze hapa hapa mjini.

Jibu la Qasim ndilo kisa chote. Fedha hazimo kabisa moyoni mwake. Ametoa neno. Miaka mingi amekuwa mgeni tambarare, mlinzi na mbeba mizigo, mtu asiye na ukoo wala jamaa wa kumtambua. Amezeeka anaota milima. Kumpeleka Zaitoon kule ni njia ya yeye mwenyewe kurudi, kuunganisha damu yake na damu ya binamu kupitia mtoto asiye wa damu hiyo. Na, kwa moyo wake, anampa Zaitoon kitu bora kuliko vyote anavyovijua: kuwa mtu wa kwao. Njiani anamsimulia uzuri wa milima, hewa yake, ushujaa wa watu wake. Na mtoto anaamini, ana shauku, mpaka siku ya mkate ule.

Wachambuzi wengi hupita haraka hapa, wanakimbilia utoro milimani. Mimi naona hapa ndipo pa kukaa. Angalia Qasim alivyokuwa na nafasi za kusimama. Miriam alimpa njia mjini. Njiani, kwenye kambi ya jeshi darajani Dubair, Meja Mushtaq alimwonea huruma binti, na askari Ashiq Hussain alionyesha wazi kumpenda. Hatimaye Zaitoon mwenyewe alisema kwa kinywa chake. Mara tatu mlango ulikuwa wazi. Kila mara Qasim alipima vitu viwili: machozi ya mtoto wake, na uso wa binamu yake atakapoambiwa neno limevunjwa. Machozi yalimuuma. Lakini machozi huonekana na baba peke yake, na neno lililovunjwa huonekana na ukoo mzima kwa vizazi. Ndiyo maana anaweza kumwambia mtoto aliyembeba kutoka kwenye maiti kwamba atamzika, na akawa anamaanisha, na bado akawa anampenda.

Baada ya harusi Qasim anarudi Lahore. Sasa ni zamu ya Sakhi, na hapa lile neno peghor linahitajika. Peghor ni simango linalorushwa na mwenzako, hasa ndugu au binamu, mbele ya watu, na halifutiki mpaka ufanye jambo. Sakhi si mnyama aliyezaliwa hivyo. Ni kijana aliyeoa msichana mgeni mwenye ngozi laini, anamtamani na anamwogopa. Anajua kuwa askari kijana alimsindikiza mkewe njiani, na wivu umeshaingia. Ndipo ndugu yake Yunus Khan anapomsimanga: mke wa tambarare amekushinda, watu wameanza kusema. Maneno machache tu.

Sakhi anarudi nyumbani akiwa anachemka. Kuna ng'ombe dume amegoma kutembea. Anaanza kumpiga kwa gongo, si kipigo cha mchungaji, ni kipigo cha mtu anayetafuta kitu cha kukitiisha. Mama yake, Hamida, anajikokota kuja kumzuia. Gongo linamshukia mama. Zaitoon, aliyelelewa mahali ambapo mtoto hampigi mama yake, anaruka kulishika gongo. Linamshukia yeye.

Ng'ombe, mama, mke. Sidhwa ameipanga safu hiyo bila kutoa hotuba. Yunus Khan hayumo kwenye safu, ingawa yeye ndiye aliyesema neno. Simango limetoka kwa mwanamume, limempiga mwanamume, na limeteremka hadi kwa wale wasioweza kulirudisha. Kila nyumba yenye jambo hili ina Yunus Khan wake, na mara nyingi hatajwi hata katika ripoti ya polisi.

Siku nyingine Zaitoon anateremka mtoni, anakaa akiutazama upande wa pili kulikopita gari la jeshi, na anapunga mkono. Kama mfungwa anayeona mtu nje ya dirisha. Sakhi yuko juu ya jabali, anamwona. Anamrushia mawe, anampiga, na anamwapia kwamba akirudia atamuua. Zaitoon anajua si kitisho. Hajamaliza hata miezi mingi ya ndoa, anafunga mikate kidogo kwenye kitambaa, anatoroka.

Utoro wake unachukua kurasa nyingi na sitausimulia wote. Siku 9 majabalini, njaa, baridi, kupotea, na ukatili wa wanaume wawili anaokutana nao kando ya mto, kwa sababu mwanamke asiye na mwanamume wake milimani ni wa yeyote. Kilichonigusa zaidi ni wale wanaomtafuta. Wanaume wa ukoo wanashika bunduki zao, wanagawana mabonde, wanatulia. Wanafanya kazi yao kama wawindaji wanavyofanya. Hawajauliza kwa nini ametoroka. Swali hilo halina nafasi, kwa sababu kutoroka kwenyewe ni tor. Haijalishi alitoroka na nani, au peke yake. Kila saa anayoishi, wanaume wa nyumba ile wanapungua urefu.

Mwishoni anafika darajani, na Meja Mushtaq anasimama kati yake na Misri Khan. Katika riwaya Zaitoon anavuka akiwa hai. Binti wa kweli, wa siku 14, hakuvuka. Sidhwa alimtesa mhusika wake kurasa zote zile, kisha hakukubali kumpa mwisho ambao dunia ilimpa mwenzake. Wako wanaosema mwisho huo umedhoofisha ukweli. Sikubaliani nao, kwa sababu yule aliyeuawa naye yumo. Carol, Mmarekani aliyeolewa na mhandisi wa Lahore, yuko matembezini kando ya mto na anaona kichwa cha msichana kikielea majini. Hajulikani jina, hajulikani kosa. Anaelezwa kwamba mambo haya hutokea. Carol alikuwa na ndoto ya mapenzi ya milimani, na kwa kuona kichwa kile ndoa yake na nchi ile vinamwishia.

Kuna kasoro nazo. Wenyeji wa milima katika kitabu hiki mara nyingi wanaonekana kwa jicho la mtu aliye ng'ambo ya mto, kambini, na wokovu unakuja ukiwa umevaa sare za jeshi. Ashiq na Mushtaq ni waungwana mno ukilinganisha na Sakhi. Msomaji asiye makini anaweza kufunga kitabu akidhani tatizo ni milima, na kwamba dawa ni barabara. Barabara ya Karakoram ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Kohistan hiyo hiyo, picha fupi ya video ya simu ikasambaa: wanawake wameketi wanapiga makofi na kuimba harusini, na kwingine katika video hiyo vijana wanacheza ngoma. Habari zikatoka kwamba wanawake watano wamehukumiwa kifo na jamaa zao kwa ajili ya video hiyo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Pakistan ikatuma ujumbe kwa helikopta kwenda kuwatafuta. Wanaume wa kule wakawaonyesha wanawake, wakasema hawa hapa, wazima. Mmoja wa wajumbe, mwanaharakati Farzana Bari, alisisitiza kwamba sura aliyoonyeshwa si sura iliyomo kwenye picha. Kesi ikafungwa.

Fikiri juu ya hilo. Wanawake ambao nyuso zao hazijawahi kuonekana na mtu wa nje, hawana picha rasmi, hawana shule ya kuwakumbuka: nani atathibitisha kwamba waliopo si wao? Sitara iliyosemwa ni ya kuwalinda ndiyo iliyoficha kwamba hawapo. Afzal Kohistani, ndugu wa vijana waliokuwa kwenye video ile, alivunja ukimya wa ukoo na kulipeleka jambo mahakamani miaka mingi. Ndugu zake watatu waliuawa mwaka 2013, na yeye akapigwa risasi mjini Abbottabad Machi 2019. Septemba mwaka huo wanaume watatu wakahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya wanawake wa video ile. Afzal alikuwa mwanamume wa milimani, mwenye nang kama wenzake, aliyesimama upande wa wanawake wasio wake. Mtu wa namna hiyo hayumo katika riwaya ya Sidhwa, na kwangu ndilo pengo lake kubwa kuliko yote.

Sheria ya Pakistan ya mwaka 2016 ililenga jambo ambalo Qasim angelitambua mara moja. Awali, kwa mujibu wa sheria za kisasi na diya, warithi wa aliyeuawa wangeweza kumsamehe muuaji. Binti akiuawa na kaka yake, baba ndiye mrithi wa binti na ndiye mzazi wa muuaji. Anasamehe, faili linafungwa. Sasa katika mauaji ya heshima msamaha wa familia haumwondolei muuaji kifungo cha maisha. Inabaki mtu wa kuthibitisha kwamba yalikuwa mauaji ya heshima, na mashahidi wote ni ukoo.

Mtu kama Afzal hayumo katika riwaya, lakini Hamida, mama yake Sakhi, yumo, na Hamida ndiye ninayemkumbuka kila nikikifunga kitabu hiki. Zamani alikuwa mrembo mwenye majivuno. Sasa amechakaa kabla ya wakati, amezika wana wake, mwanawe Sakhi amemvunjia gongo mgongoni. Wanaume wameondoka na bunduki kumsaka mkaza mwana wake. Amebaki peke yake nyumbani. Na huyu mwanamke ambaye ujanani hakuwahi kuitilia shaka kanuni ile, anakaa na kuanza kuhesabu: waliokufa kwa ajili ya heshima ni fulani, na fulani, na fulani, na sasa huyu aliyekuwa ameanza kumpenda. Anawajua wawindaji wake. Anajua hawakosi. Hakuna wa kumsikia, na hana la kufanya, ila uchungu wake uko upande wa msichana.